Koo lilikaza kabla sijachomwa tone la kamba: ni mzio au ni hofu?

Kwenu wanasafu,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina miaka 36. Mwaka juzi nilikula pilau na kamba wa kukaanga harusini. Haikupita nusu saa nikatokwa na mabaka ya kuwasha mwili mzima, midomo ikavimba. Zahanati walinichoma sindano, nikapoa. Tangu siku ile sijagusa kamba, na samaki nao nimeacha. Hata nikiwaona kamba wabichi kwenye beseni sokoni, koo linakaza.

Mwezi uliopita nilipelekwa Dar es Salaam kupimwa mzio kwenye ngozi. Muuguzi aliniwekea matone tisa mkononi, akawa anachoma moja baada ya jingine huku akinitajia majina. Alipofika la nne, la mende, koo lilikaza, vidole na midomo vikafa ganzi, moyo ukaenda mbio, kichwa kikawa chepesi. Kamba alikuwa la saba. Daktari alinipima: presha 134 kwa 84, mapigo ya moyo 118, oksijeni asilimia 99. Mabaka hayakuwapo popote mwilini, na kifua kilikuwa safi. Baada ya kama dakika kumi nilitulia, wakamalizia. Majibu kwa milimita: maji ya chumvi 0, histamini 5, vumbi la nyumbani 7, mende 6, paka 0, nyasi 0, kamba 4, samaki 0, karanga 0.

Daktari ameandika nirudie nikiwa nimetulia. Mume wangu anasema najiendekeza. Dada yangu ananishauri nikirudi ninywe Piriton au kidonge cha usingizi kwanza. Je, hofu yangu imeharibu kipimo? Na je, nina mzio wa kamba au sina?

Mwalimu, Tanga

*

Mwalimu,

Namba ulizotuandikia zina majibu mengi, basi tuanze nazo.

Tone la maji ya chumvi na tone la histamini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa ukipatwa na mzio, si vichochezi vya mzio. Yamewekwa ili kuipima ngozi yenyewe. Wapo watu ambao ngozi yao huvimba kwa kukwaruzwa tu. Kwao hata maji ya chumvi hutoa kivimbe, na hapo kila jibu linatiliwa shaka. Lako lilibaki 0. Histamini nayo inapaswa kutoa kivimbe kwa kila mtu asiye na dawa ya mzio mwilini. Ikitoa chini ya milimita 3, maana yake kuna dawa inayoziba, na sifuri zote za kwenye karatasi hazina thamani. Yako ilitoa 5. Kwa hiyo kipimo chako kinasomeka, hofu au bila hofu. Kinachohesabiwa kuwa chanya ni kivimbe kinachozidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi kikisomwa dakika ya 15 hadi 20, na hapo umepata vitatu: vumbi, mende na kamba.

Hofu haina uwezo wa kuchagua tone. Homoni za woga husambaa mwilini kote kupitia damu. Haziwezi kuinua ngozi pale penye kamba na kupaacha penye samaki, sentimita 2 tu pembeni, pakiwa laini. Ingekuwa ni wasiwasi uliotengeneza vivimbe, maji ya chumvi yasingebaki sifuri.

Ila kuongeza ukubwa wa kivimbe ambacho kingekuwapo, hilo hofu inaliweza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 28 wenye mafua ya mzio. Kila mmoja alipimwa siku ya utulivu na siku nyingine baada ya kuhutubia na kufanya hesabu za kichwa mbele ya watu waliomkazia macho bila kutabasamu. Waliopata wasiwasi wa wastani vivimbe vyao viliongezeka kwa takribani asilimia 75 kuliko siku ya utulivu. Waliopata wasiwasi mwingi vilikaribia mara mbili. Kwako hili lina maana mbili. Sifuri ya karanga, samaki, paka na nyasi ni ya kuaminika kabisa, maana mara mbili ya sifuri ni sifuri. Na ile 4 ya kamba isisomwe kama kipimo cha ukali wa mzio wako. Huenda siku nyingine ingekuwa 3, au hata pungufu. Ukubwa wa kivimbe hata kwa mtu aliyetulia hausemi atakavyoumwa akila.

Kuna jambo jingine kwenye karatasi yako ambalo tunaona ni kubwa kuliko hofu. Kamba, mende na wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani wana protini moja inayofanana sana, tropomiosini. Mtu ambaye mwili wake umezoea kupambana na vumbi na mende, kama wako ulivyoonyesha kwa 7 na 6, anaweza kutoa kivimbe cha kamba bila ya kudhurika akimla. Hivyo 4 peke yake isingetosha kukuita mgonjwa wa mzio wa kamba. Kinachoipa uzito ni ile harusi: mabaka mwili mzima na midomo kuvimba ndani ya nusu saa. Mabaka yale hayakuletwa na woga, maana kabla ya siku hiyo hukuwa unamwogopa kamba. Ukitaka jibu letu kwa sasa, basi ni hili: chukulia kwamba una mzio wa kamba mpaka kipimo cha kula kamba hospitalini, tutakachokieleza mbele, kikanushe.

Sasa tone la nne. Dalili zako za dakika zile zina maelezo yanayoeleweka vizuri. Mtu aliyeogopa hupumua haraka na kwa kina bila kujua. Anatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha, damu inaegemea upande wa alikali, kalisiamu iliyo huru ndani yake inapungua, na neva za ncha za mwili zinasisimka. Ndiyo hiyo ganzi ya vidole na kuzunguka midomo. Mishipa ya ubongo nayo husinyaa kidogo, kichwa kikawa chepesi. Misuli ya koo hukaza, mate hukauka, na ukimeza unahisi kitu kimekwama. Mwambie shemeji yetu kwamba hakuna anayeweza kujitakia mabadiliko hayo ya damu. Yanatokea kwa mtu asiyejua kabisa kwamba anapumua vibaya.

Na si wewe wa kwanza kubanwa na kichochezi kisichokuwapo. Mwaka 1886 daktari wa koo wa Baltimore, John Noland Mackenzie, alimwonyesha mgonjwa wake wa mzio wa waridi ua la bandia. Mgonjwa akaanza kupiga chafya na pua ikaziba, na huku ua halikuwa na hata chembe ya chavua. Koo lako linalokaza ukiona beseni la kamba wabichi liko katika kundi hilo. Lakini usichanganye na jikoni: mvuke wa kamba wanaochemka au kukaangwa hubeba protini yake hewani, na unaweza kumbana kifua mwenye mzio wa kweli. Hapo ondoka, usijilazimishe kuzoea.

Daktari alifanya vyema kukupima kabla ya kutamka lolote, maana tone la vumbi na la mende yalikuwa yameshaingia kwenye ngozi, na mzio mkali wa mwili mzima kutokana na kipimo hiki, ingawa ni nadra, hutokea. Hebu tueleze anachotafuta, ili na wewe ujue. Mzio mkali huacha alama ambazo mtu wa pembeni anaziona au anazisikia: mabaka mbali na mkono uliochomwa, macho au midomo kuvimba, mlio wa filimbi kifuani, sauti kukwaruza, kutapika mfululizo, presha kushuka, oksijeni kushuka. Woga wa kupumua haraka huacha presha ikiwa sawa au imepanda kidogo, kama 134 yako, na oksijeni 99. Kisha kuna aina ya tatu, kuzirai kwa kuona sindano: mtu anapauka, anatoka jasho la baridi, presha inashuka lakini mapigo ya moyo yanakuwa ya polepole, mara nyingi chini ya 60, na akilazwa miguu juu anarejea ndani ya dakika moja au mbili. Katika mzio mkali mapigo kwa kawaida huenda mbio.

Mapigo ya haraka peke yake hayatofautishi woga na mzio, na kubanwa koo peke yake pia hakutofautishi. Ndiyo sababu msimamo wetu kwa wauguzi wanaosoma safu hii ni mmoja: mkishindwa kuamua, chomeni adrenalini, dawa ya mzio mkali. Kwa mtu mzima ni miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja upande wa nje, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1,000. Sindano za haidrokotisoni na klofeniramini (ndiyo Piriton) hazishiki nafasi yake. Mtu mwenye woga aliyechomwa adrenalini bila kuihitaji atatetemeka na moyo utamwenda mbio kwa dakika kadhaa. Mwelezeni mapema, asije akadhani anazidiwa. Na tafadhali msimpe mfuko wa karatasi apumulie. Akiwa kumbe ni mgonjwa wa pumu aliyebanwa, mnamnyima oksijeni.

Majina aliyokuwa akikutajia muuguzi ndiyo yaliyokuumiza. Alitaka kukusaidia, lakini kila jina lilikusogeza karibu na kamba. Mara nyingine omba matone yapewe namba na usiambiwe lipi ni lipi mpaka yasomwe. Omba pia aanze na maji ya chumvi kisha anyamaze dakika mbili. Ukianza kuhisi ganzi au koo kukaza wakati kilichoingia ni maji ya chumvi tu, wewe na daktari mtakuwa mmejifunza kitu bila mabishano. Jambo hili si dogo. Mwaka 1990 watafiti wa California waliwachoma sindano wagonjwa 18 waliokuwa na imani kwamba vyakula fulani vinawadhuru, wao wala wapimaji wasijue sindano ipi ina chakula. Sindano zenye chakula zilileta dalili kwa asilimia 27, na za maji matupu kwa asilimia 24. Watu wale walihisi dalili kweli, ila hazikutokana na kilichomo.

Maneno yanaweza pia kutuliza. Watafiti wa Stanford waliwachoma watu 76 histamini kwenye ngozi, kisha nusu yao wakaambiwa na mhudumu kwamba kuwasha kutaanza kupungua muda si mrefu. Walioambiwa walihisi kuwasha kidogo kuliko wasioambiwa. Katika jaribio jingine la chuo hicho, watu 164 waliochomwa histamini walipakwa krimu isiyo na dawa. Walioambiwa itapunguza mmenyuko walipungukiwa, walioambiwa itauongeza uliwaongezekea, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi pale mhudumu alipokuwa mchangamfu na mwenye kuonyesha anaijua kazi. Muuguzi anaweza kusema, bila kudanganya: "Kutawasha kama umeumwa na mbu, dakika ya kumi na tano tutasoma, halafu kutaisha." Asiahidi kwamba hakuna kitakachotokea, kwa sababu kitu kikitokea hataaminiwa tena.

Ushauri wa dada yako usiufuate. Piriton ni dawa ya mzio, na ukiinywa hata jioni ya jana yake, vivimbe vitazimika pamoja na histamini, kipimo chote kiende bure. Acha Piriton angalau siku 3 kabla, na setirizini au loratadini siku 7. Angalia na vidonge vya mafua, maana vingi vina klofeniramini ndani yake. Amitriptilini, wanayopewa wengi kwa kipandauso au usingizi, nayo huziba kwa wiki moja au mbili, lakini hiyo haiachwi bila daktari aliyeiandika. Kidonge cha usingizi kitakufanya usinzie wakati daktari anahitaji kukuuliza unajisikiaje. Na kama kuna aliyewahi kukupa propranolo ya kutuliza moyo, sema mapema kabla ya kuchomwa, kwa sababu inapunguza nguvu ya adrenalini pale itakapohitajika. Mkononi usipake krimu ya steroidi wiki mbili kabla, wala mafuta siku ile.

Utulivu wenyewe unafanyiwa mazoezi nyumbani, na hapa watu wengi hushauriwa vibaya. Kwa anayepumua haraka kama wewe, dawa ni kupunguza pumzi: funga mdomo, vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, pumzi kama sita kwa dakika, bila kuvuta kwa kina. Fanya dakika 5 asubuhi na jioni kwa wiki mbili, ili siku ya kipimo mwili uwe umeshazoea. Lakini anayezirai kwa sindano akiambiwa alegee, presha yake inazidi kushuka na anaanguka. Huyo anatakiwa kukaza: misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, aachie sekunde 20 hadi 30, arudie mara tano, huku mkono unaochomwa ukibaki umelegea. Wote wawili wale kifungua kinywa, wanywe maji, na walazwe kitandani badala ya kukaa kwenye kiti.

Jambo moja la kumkumbusha atakayesoma mkono wako: kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na anayeutafuta atakosa majibu. Kivimbe kipapaswe kwa kidole, taa imulikwe kutoka ubavuni, kingo zichorwe kwa kalamu, kisha karatasi ya uwazi yenye gundi ibandikwe juu na kuhamishiwa kwenye faili. Hapo hata daktari mwingine atapima mwenyewe.

Tukirudi kwenye agizo la kurudia: kwa maoni yetu, kurudia kipimo kilekile cha ngozi hakutakupa jibu jipya. Ukifanya hivyo ukapata 3 badala ya 4, utakuwa palepale. Zungumza na daktari kuhusu kipimo cha kula kamba chini ya uangalizi hospitalini. Huanzia miligramu 3 za protini, kisha 10, 30, 100, 300, 1,000 na 3,000, kila moja baada ya dakika 20 hadi 30, na ukishamaliza unaangaliwa saa mbili. Hiyo ya mwisho ni kama gramu 13 hadi 15 za kamba aliyepikwa. Kwa mtu mwenye hofu kama yako, kipimo bora ni cha kufichwa: siku mbili tofauti, siku moja chakula kina kamba ndani, siku nyingine hakina, harufu imefunikwa kwa viungo, na siri anayo aliyeandaa tu. Kama hospitali haiwezi kuficha, hata cha wazi kina faida. Ukimaliza dozi zote bila kitu, jibu ni hakika. Ukitoka mabaka au kutapika, jibu pia ni hakika. Kinachobaki na utata ni koo kukaza tu bila alama yoyote, na hapo dozi husimamishwa, husubiriwa, kisha hurudiwa ileile. Pumu iwe imedhibitiwa, na kisifanyike ukiwa mjamzito. Kamwe usijaribu nyumbani, hata kwa kipande kidogo na mume wako akiwa pembeni.

Vipimo vya damu vya vyakula mia moja vinavyotangazwa, vinavyopima kingamwili aina ya IgG, hela yako usiitupe huko. IgG huonyesha ulichokula. Cha damu chenye maana ni IgE ya kamba, yaani kingamwili ya mzio, ambayo haisumbuliwi na hofu wala Piriton, ingawa nayo huchanganywa na mende na vumbi kama ngozi ilivyochanganywa.

Samaki umejinyima bure, ikiwa kabla ya harusi ulikuwa unakula bila shida. Protini inayoleta mzio wa samaki ni nyingine kabisa, na tone lako lilikuwa 0. Changu na kibua rudi nao, ukipika mwenyewe. Waepuke kamba, kamba koche, kaa na uduvi, na ujue kwamba moto hauiharibu tropomiosini, hivyo uduvi waliokaushwa na kutwangwa kwenye mboga ni hatari ileile. Ukinunua samaki wa kukaanga barabarani, uliza kwanza kama mafuta yale yalikaangiwa kamba.